Mkono wa Nyapara

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika hospitalini kabla lango halijafunguliwa, nimevaa koti jeupe ambalo mama yangu alikuwa amelipiga pasi ya makaa mpaka kola ikasimama. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha fiziotherapia, yaani kazi ya kutibu mwili kwa mazoezi, kukanda na kunyoosha viungo, na nilidhani najua mengi. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Afisa wa Fiziotherapia, lakini hospitali nzima ilimwita Inchaji. Hakunipotezea muda kwa salamu. Aliniangalia viatu, akaniangalia vidole, akasema, "Hizo kucha kata. Halafu twende wodini."

Alinipeleka kwenye kitanda cha bibi mmoja mzee aliyekuwa amepigwa na kiharusi na kufichwa nyumbani muda mrefu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umejikunja juu ya kifua, vidole vimefunga ngumi. Inchaji alipovifungua kidogo kidogo, harufu ilitoka mle ndani ikanipiga puani. Ngozi ya kiganja ilikuwa nyeupe na imelainika kama ya mtu aliyeshinda akifua nguo, na kucha zilikuwa zimezama ndani ya nyama. Nilishtuka nikaruka nyuma. Kisha nikaona haya, nikarudi, nikaukamata ule mkono na kuuvuta ili ufunguke. Ulikaza zaidi. Bibi akapiga ukelele uliosikika mpaka wodi ya akina mama.

"Wacha!" Inchaji akasema. "Hapa hatuvuti, binti. Ukivuta kwa haraka, na wenyewe unavuta. Unashika, unangoja, unasikia umelegea, ndipo unasonga kidogo."

Hali hiyo tuliiita mkazo. Ubongo wa mtu mzima hutuma amri mbili kwa msuli: kaza, na legea. Kiharusi kikiharibu sehemu fulani ya ubongo, ile amri ya kulegea haifiki vizuri, basi msuli unabaki umekaza hata mwenyewe akiwa amelala. Kwenye mkono, misuli ya kukunja ina nguvu kuliko ya kunyoosha, kwa hiyo kiwiko hukunjika, kifundo hukunjika, na vidole hufunga. Mgonjwa hafungi ngumi kwa kupenda. Amefungwa nayo.

Nilikaa chini ya Inchaji huyo miaka kadhaa, kisha nikahamishiwa zahanati ya shamba moja kubwa la chai. Huko nilijisikia nyumbani. Baba yangu alitoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi kiwandani, na mimi nilizaliwa kwenye laini za wafanyakazi, zile safu za nyumba za shamba, nikajifunza Kikipsigis kwa kucheza na watoto wa jirani kabla sijajua Kiswahili vizuri. Kazi ya zahanati ilikuwa migongo ya wachumaji, mabega yao, na vifundo vya mikono vilivyovimba kwa kukata majani kutwa nzima. Meneja wa Shamba alikuwa mtu wa sauti kubwa. Alipenda kusimama mlangoni na kuniuliza, "Sista, huyu anarudi lini shambani?" Hakuwahi kuniuliza anaumwa wapi. Baadaye mashine za kuchuma zikaingia, wachumaji wakapungua, na mimi nikahamishiwa hospitali ndogo upande wa Konoin, kupita Boito, ambako nilifanya kazi mpaka nikastaafu.

Huko ndiko nilikokutana na sindano kavu.

Inchaji wangu wa mwisho alikuwa kijana, rika la mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa amesoma mambo mapya huko Nairobi, lakini hakuwa na majivuno. Asubuhi moja aliniita ofisini kwake. "Mama Akinyi," akasema, "nataka nikuonyeshe kitu. Ukiona ni upuzi, niambie bila kuogopa."

Alitoa sindano nyembamba kama unywele wa farasi, imara lakini yenye kupinda kidogo, isiyo na tundu wala bomba la dawa. Ndiyo maana inaitwa kavu: haiingizi kitu mwilini. Tulikuwa na dereva mmoja aliyepigwa na kiharusi, ambaye vidole vyake nilikuwa nimevinyoosha wiki baada ya wiki, navyo vinarudi palepale. Inchaji alipapasa mkono wake chini ya kiwiko, upande wa ndani, mahali panapoanzia ile misuli ya kukunja vidole. Akapata fundo gumu. Akafuta kwa spiriti, akaingiza sindano, akaisogeza juu na chini kidogo. Ghafla msuli ukaruka chini ya ngozi, wenyewe, kama samaki aliyeguswa. Kidole cha kati kikatikisika. Akafanya hivyo mahali pengine, na pengine. Alipomaliza, alishika vidole vya yule dereva akavifungua kwa kidole gumba chake tu, kama mtu anayefunua kurasa za kitabu.

Miaka yangu yote nilikuwa nangoja misuli ilegee, na hapa nilikuwa nimeiona ikilegea mbele ya macho yangu.

"Usifurahi sana," Inchaji akaniambia. "Haitibu kiharusi. Inalegeza mkazo kwa muda tu. Huo muda ndio mali yetu. Lazima uutumie kunyoosha, kuosha, kufundisha vidole kazi. Na nyumbani wasiposhika, wiki ijayo utakuta ngumi ileile."

Akanifundisha. Tulidungana sisi wenyewe kwanza, mimi nikamdunga yeye na yeye akanidunga mimi, ili tujue mgonjwa anasikia nini: si uchungu wa sindano ya kawaida, ni mkazo wa ghafla, kama mkakamao wa mguu. Nilijifunza jinsi ya kuepuka mishipa ya damu na ya fahamu, nilijifunza kuuliza kama mgonjwa anatumia dawa ya kupunguza damu kuganda. Sikuwa kijana tena, lakini mkono wangu ulitulia. Habari zikaenea, na watu wakaanza kuletwa kutoka mbali, wengine hata kutoka upande wa Kapkatet.

Ndivyo alivyoletwa Mzee Sigilai. Jina hilo si lake, na la mkewe nimelibadilisha pia.

Mzee Sigilai alikuwa nyapara wa shamba la chai enzi zake, yaani msimamizi wa kikosi cha wachumaji. Alikuwa mtu mrefu, mabega mapana, na hata akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu alikijaza chumba. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia karibu mwaka mmoja kabla. Alikuwa anaelewa kila kitu ukimwambia, ila maneno yake yalitoka mazito na yamevunjika. Mkewe, Mama Chelangat, alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Yeye ndiye aliyemsukuma kutoka barabarani mpaka kwangu, akikataa kusaidiwa.

Jambo la kwanza nililoliona ni usafi. Shati la mzee lilikuwa limepigwa pasi. Ndevu zimenyolewa, masikio yamesafishwa, nyayo zimepakwa mafuta. Nikajisemea, huyu mama anajua kutunza mgonjwa. Kisha nikaufungua mkono wa kulia, na ile harufu niliyoikuta siku yangu ya kwanza kazini ikanipiga tena.

Kiganja kilikuwa na kidonda. Kucha zilikuwa ndefu zimepinda, mbili zimeingia ndani ya nyama na usaha ulikuwa unatoka. Kucha za mkono wa kushoto zilikuwa zimekatwa fupi na safi kabisa. Nilitazama mkono mmoja, nikatazama mwingine. Sikuelewa.

"Mama," nikasema, "huu mkono unaoshwa na nani?"

Alikuwa anaangalia dirishani.

Muuguzi alisafisha kidonda akakifunga, ila kucha mkasi haukuzifikia. Kwa kuwa sindano huingia juu kwenye kigasha, chini kidogo ya kiwiko, mbali na kidonda, Inchaji aliniruhusu nianze siku hiyo hiyo. Misuli ya mzee iliruka kwa nguvu ambayo sikuwa nimeiona kwa mgonjwa mwingine. Vidole vikafunguka kidogo, kiasi cha kupitisha kitambaa chenye unyevu. Nikamwonyesha Mama Chelangat jinsi ya kushika kifundo, kungoja, kufungua, kuosha, kukausha. Nikampa splinti, kile kifaa cha plastiki ngumu kinachofungwa mkononi ili vidole visirudi kujikunja. Alisikiliza yote kwa heshima. Alitingisha kichwa. Mikono yake aliiweka nyuma ya mgongo wakati wote.

Waliporudi wiki iliyofuata, splinti ilikuwa ndani ya mfuko wake wa nailoni, jinsi nilivyomfungia. Ngumi ilikuwa imefunga. Kidonda kilikuwa kibaya zaidi. Nikamkaripia, siwezi kusema sikumkaripia. Nilimwambia kidonda kile kikiingia kwenye mfupa mzee angepoteza mkono au zaidi ya mkono. Mzee alikuwa ananiangalia, halafu anamwangalia mkewe, halafu ananiangalia tena, na jasho linamtoka.

"Sawa, daktari," mama akasema. "Nimesikia."

Wiki iliyofuata ikawa ni vilevile. Safari hiyo sikumkaripia. Nilimaliza kumdunga mzee, nikamfunga splinti mwenyewe, nikamwacha apumzike kitandani, nikamwomba mama tutoke nje. Nyuma ya jengo letu kulikuwa na benchi karibu na tangi la maji, mahali ambapo wafanyakazi wa usafi hupumzika. Hapakuwa na mtu. Tukaketi.

"Mama Chelangat," nikasema, "sikuulizi ili nikugombeze. Nataka kuelewa tu. Unamwosha mwili mzima. Mbona mkono huu mmoja unauacha?"

Badala ya kujibu, akaniuliza swali.

"Daktari, wewe unataka kufungua hiyo mkono kwa nini?"

"Ili apone."

"Akipona, ataifanyia nini?"

Kisha akafungua kitambaa chake cha kichwa. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na kovu refu ambapo nywele hazikuota. Akakifunga tena. Akanyoosha mkono wake, nikaona kidole kidogo kilichokuwa kimepinda upande, kimeungana vibaya. Akagusa taya. Hakueleza chochote. Aligusa tu, mahali baada ya mahali, kama vile mimi ninavyomwonyesha mwanafunzi mahali pa kuingiza sindano.

"Ni hiyo mkono," akasema. "Si ya kushoto. Ya kushoto haijawahi kunigusa. Ni hiyo. Tangu binti yangu Chelangat akiwa mgongoni."

Nilikuwa nimeushika mkono ule kwa mikono yangu miwili. Nilikuwa nimeukanda.

"Mimi nimemlisha," akaendelea. "Nimemwosha, nimembeba mpaka chooni, nimemgeuza asitoke vidonda vya mgongo. Watu wa kanisa wananisifu. Lakini hiyo mkono sijaigusa. Siwezi. Nikiangalia imefunga, napumua. Huu mwaka ndio nimelala usingizi tangu niolewe. Sasa wewe unataka kuifungua." Akanigeukia. Hakuwa analia. "Daktari, ikifunguka, mimi nitaenda wapi?"

Nimefanya kazi na watu waliokatwa na mashine, waliochomwa na mvuke wa kiwanda, na watoto waliozaliwa miguu imegeuka. Hakuna lililonishtua kama swali hilo. Nilikuwa nimekaa na kazi yangu miaka yote nikiamini kwamba mkono uliofunguka ni jambo jema, basi. Haikuwa imenijia kwamba mtu anaweza kumwombea mwenzake asifunguke.

Nilimwomba ruhusa nimweleze Inchaji peke yake. Akakubali.

Inchaji alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza aliketi kitini polepole, akavua miwani. Alikuwa kijana tu, nakwambia, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mgonjwa ni aliye kitandani," akasema hatimaye. "Ana haki ya kutibiwa. Kidonda kile kitamuua." Akaigeuza miwani mkononi. "Lakini huyu mama naye ameingia hospitali yangu na majeraha, na sisi tumekuwa tukimfundisha kuosha mkono uliomjeruhi. Mungu wangu."

"Tufanye nini?"

"Tusimdanganye yeyote kati yao. Hapo ndipo pa kuanzia."

Tulimpeleka kwa mshauri wa hospitali, mwanamke mtulivu aliyeshughulikia wanawake waliopigwa. Mama Chelangat alikataa kabisa kwenda polisi. Alisema ameishi na siri hiyo muda mrefu na hataki kuitangaza mume wake akiwa kitini. Huo ulikuwa uamuzi wake. Nami nikaketi naye nikamweleza mambo jinsi yalivyo. Kufunguka si nguvu, nikamwambia. Sindano inalegeza mkazo, haimrudishii mtu ngumi ya kupiga. Mkono ule unaweza kufunguka wote na usiweze hata kufukuza nzi.

"Una hakika?" akaniuliza.

Nilitaka sana kusema ndiyo. "Leo, nina hakika. Kesho na kesho kutwa, hakika yote sina. Wengine hupata nguvu kidogo baadaye. Si nyingi, lakini hupata."

Alifikiri. "Basi nitaangalia mwenyewe," akasema. "Sitakaa benchi. Nitakuwa ndani nikiangalia."

Wiki iliyofuata alisimama kando ya ukuta, mkoba wake ameukumbatia. Nilimdunga mzee, misuli ikaruka, ikaruka tena, ikachoka. Nikashika vidole nikavifungua, na kwa mara ya kwanza vikafunguka vyote, mpaka mkono ukalala kwenye mto, kiganja juu, mpana kama sinia. Nilisikia mkoba ukidondoka. Mama Chelangat alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga kabati.

Mzee alimwona. Aliona alivyorudi nyuma, na nikaona kwenye macho yake kwamba alijua kwa nini.

"Mwambie ainue," mama akasema. Sauti ilikuwa kavu.

"Mzee," nikasema, "jaribu kuinua mkono."

Alijaribu. Bega likapanda kuelekea sikioni, uso ukakunjamana, mkono ukabaki juu ya mto.

"Mwambie tena."

Nikamwambia tena. Mshipa wa shingo ukamtoka. Mkono haukuondoka.

"Mwambie tena, daktari."

Nilitaka kukataa. Ilikuwa kama kesi, na mimi ndiye niliyekuwa naiendesha bila kuapishwa. Inchaji alikuwa mlangoni, amegeuza uso. Lakini nilimwambia mzee mara nyingine, na mzee, ambaye angeweza kukataa kwa kufumba macho tu, alijaribu kwa nguvu zake zote. Machozi yalimtoka bila sauti. Mkono ulilala pale pale.

Ndipo Mama Chelangat akaondoka ukutani. Akaja, akavuta kiti, akachukua beseni langu la maji ya uvuguvugu. Alikiangalia kile kiganja kwa muda. Kisha akakigusa kwa ncha ya kidole kimoja, akaondoa kidole, akakigusa tena. Akaanza kuosha. Alisafisha katikati ya vidole, akazunguka kidonda bila kukiumiza, akakata zile kucha moja moja. Na akawa anamwambia mumewe kwa Kikipsigis, kwa sauti ya chini, akidhani mimi sielewi:

"Kuanzia leo nitakuosha hapa. Chelangat atakuja kukaa na sisi. Chumba changu kitakuwa na kufuli. Na nguvu ikirudi kwenye huu mkono, mimi ndiye nitakayejua kwanza, kabla ya daktari, kwa sababu utakuwa ndani ya mkono wangu."

Mzee akasema kitu. Maneno yake yalikuwa yamevunjika, lakini nililisikia moja wazi. Alisema ndiyo.

Kidonda kilipona. Walikuja kila wiki, na sasa splinti ilikuwa inavaliwa, kiganja kikavu, kucha fupi. Mimi niliendelea na sindano na mazoezi, na mzee alifanya kila nilichomwambia. Polepole vidole vilianza kupata ile amri iliyopotea. Kwanza kidole gumba. Halafu siku moja alikunja vidole vyote kwa kutaka mwenyewe na kuvikunjua robo. Ni jambo ambalo mtu wa kazi yangu hulipigia makofi, na nilipiga makofi. Mama Chelangat alikuwa ameketi kando. Yeye hakupiga.

Baada ya hapo mzee akaja na ndugu yake mdogo.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

Ndugu yake akainua mabega. "Alienda. Chelangat alirudi kwake Chepseon, na mama akaenda naye. Alituambia tu, 'Mkono umeshika.' Akachukua vitu vyake akaenda. Sisi hatujaelewa. Amemtunza vizuri hivyo, halafu anaondoka mtu akianza kupona?"

Nilimgeukia mzee. Alikuwa ananiangalia moja kwa moja, mdomo unatafuta maneno. Yalimchukua muda.

"Nilimshika," akasema. "Akiniosha. Nilimshika vidole. Nilitaka… aone nimepona."

Sindano ilikuwa mkononi mwangu. Niliirudisha kwenye trei. Nilimwona waziwazi, huyu mtu mkubwa, asubuhi, maji ya uvuguvugu, mkewe ameinama, na yeye akikusanya nguvu zake zote mpya afunge vidole juu ya vidole vyake ili amfurahishe. Na nilimwona yeye, mama, akisikia mkono ule ukikaza.

Sikumwambia mzee kwamba mkewe alikosea. Wala sikumwambia kwamba mkewe alifanya sawa. Nilimuuliza kama anataka tuendelee na matibabu. Aliweka mkono wake juu ya mto mwenyewe, kiganja juu. Tukaendelea mpaka mwaka niliostaafu.

Sasa nimepumzika. Nina ng'ombe wawili, nina majirani wanaonigongea mlango kila wakiumwa mgongo. Vijana wa chuo huja mara kwa mara kuniuliza habari za kazi ya zamani, na huuliza maswali mazuri: sindano inaingia kwa pembe gani, fundo unalijuaje, unamdunga mgonjwa mara ngapi. Ninawajibu. Halafu nawaambia wakae kidogo na yule anayemsukuma mgonjwa, peke yake, mgonjwa akiwa hasikii, kabla hawajafungua sindano. Wengine huandika hilo. Wengine hudhani ni adabu ya kizee tu.

Mshtuko ule haukuniisha. Nilifikiri utaisha nikiacha kazi. Bado nikimwona mtu akimnyooshea mwenzake mkono wa salamu, huwa namwangalia yule anayeupokea.

Miezi michache baada ya kustaafu nilikwenda Chepseon kununua viazi vya mbegu. Sokoni nikasikia mtu akinisalimu kwa Kikipsigis, "Daktari! Chamgei!" Alikuwa Mama Chelangat, nyuma ya rundo la kabichi, amenenepa kidogo, kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani. Tulisalimiana kwa furaha. Alinitambulisha kwa binti yake, akaniulizia watoto wangu, mvua, ng'ombe. Alinipakia kabichi ambazo sikuziomba. Nilikuwa nimeshaanza kuaga aliponiuliza, bila kuinua macho.

"Na yeye? Ako aje?"

"Sijamwona tangu nistaafu," nikasema. "Mara ya mwisho alikuwa anashika kikombe mwenyewe."

"Anakunywa bila kumwaga?"

"Anamwaga kidogo."

Alisimama na kisu na kabichi mkononi, akakata majani ya nje yaliyonyauka, akayatupa kando.

"Ni vizuri," akasema. "Ashike kikombe."

Kisha akamgeukia mteja aliyekuwa anangoja, akamuuliza anataka ngapi.